Tiara ya Nekesa na Ngoma ya Wanawake

Nilipokuwa mtoto, upepo wa Januari ulikuwa na wenyewe, na Shosho, nyanya yangu mzaa mama, alidai kuwajua. Tuliishi naye nje kidogo ya Kachibora, kwenye shamba ambalo babu alinunua alipohama na familia yake kutoka upande wa Nyeri. Mahindi yakishavunwa na trekta ikishapita, mashamba yote ya jirani yalibaki udongo mtupu hadi chini ya vilima vya Cherangany. Jua la mchana likiwaka, vumbi lilianza kuzunguka mahali padogo, likapata kiuno, likasimama, kisha likaanza kutembea. Mwalimu alituambia hicho ni kisulisuli. Shosho alikiita ngoma cia aka, na katika Kikuyu chetu maana yake ni mizimu ya wanawake.

Alikuwa na sheria zake kuhusu jambo hilo, na alizitoa kwa sauti ileile aliyotumia kutuagiza tufunge banda la kuku. Kisulisuli kikipita, unageuza mgongo. Unafunika mdomo. Na hutaji jina la mtu yeyote, kwa sababu jina likitajwa mbele yake kinaondoka nalo. Niliwahi kumuuliza kama jina la ng'ombe linahesabika. Akafikiri, akasema hata la ng'ombe. Na msidhani Shosho hakuwa mtu wa kanisa. Alikuwa na kitambaa cheupe cha chama cha akina mama, aliimba kwaya, na pasta alipohubiri kwamba mizimu haipo aliitikia amina kwa moyo wote. Lakini kisulisuli kikitokea njiani tukitoka ibadani, alisimama, akageuza mgongo, Biblia kwapani na kiganja mdomoni. Sikuona ajabu yoyote. Wakubwa wengi niliowajua walikuwa na mambo mawili ya namna hiyo, na yalikaa pamoja bila kugombana.

Mama yangu alifariki katika hospitali Kitale nikiwa mdogo mno kukumbuka. Nilikuwa na picha yake moja, amesimama kando ya ua na jua limemwingia machoni, basi. Shosho hakumzungumzia kamwe. Ikibidi kabisa alisema "yule", na uso wake ukafungwa, nami nikajifunza kutouliza. Sikujua kama Mama alikuwa mcheshi au mkali, kama alipenda chai ya sukari nyingi, kama aliimba akifua. Nilichotaka utotoni, kuliko viatu na kuliko baiskeli, ni mtu aniambie kitu kimoja tu kumhusu. Kingenitosha.

Nekesa alikuja darasani kwetu mwanzoni mwa mwaka, nilipokuwa darasa la tano. Alitoka Misikhu, upande wa Bungoma, kuja kuishi na shangazi yake, ambaye mume wake aliuza mbegu na dawa za mifugo pale senta. Siku ya kwanza aliinua mkono akamwambia mwalimu, "Mwarimu, naomba karamu." Darasa lote likacheka. Mwalimu akamweleza kwa upole kwamba karamu ni sherehe, na akitaka kitu cha kuandikia aombe kalamu. Nekesa akasikiliza mpaka mwisho, akasema ameelewa, na sasa je, anaweza kupata hiyo karamu? Nilimpenda palepale. Mimi nilikuwa mtoto wa kunyamaza, na nilimwona kama mtu aliyekuja na mlango wazi.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nikichunga ndama wetu kando ya barabara ya trekta nilipoona kitu cheupe kimesimama angani juu ya mabua ya jirani. Hakikuwa ndege, maana kilikaa mahali pamoja. Tena kilikuwa kikilia, sauti nyembamba ya vuu isiyokatika. Nilimwacha ndama nikafuata ile sauti, na mwisho wa uzi nikamkuta Nekesa, peku, uso umejaa vumbi.

"Shika," akasema. "Usivute. Sikiriza tu."

Akaniwekea uzi kwenye kidole. Siwezi kueleza vizuri kilichonipata, ingawa nimejaribu kwa watu wengi tangu hapo. Kitu kilicho mbali, juu kabisa, kilikuwa kikinivuta kidole taratibu, kisha kinalegeza, kisha kinavuta tena. Niliona furaha mpaka nikataka kulia. Ndama aliingia kwenye sukuma wiki za watu siku hiyo, na Shosho alinichapa, na wala sikujali.

Tangu hapo nikawa mgonjwa wa tiara. Binamu zake Nekesa kule Misikhu ndio waliomfunza, naye akanifunza mimi. Tulipasua matete makavu ya kule bondeni, kwa sababu ni mepesi na hupinda bila kuvunjika. Tiara yangu ya kwanza niliitengeneza kwa gazeti, nikaligandisha kwa ugali uliolala, nikaianika uani. Kuku wakaidonoa yote. Nekesa alicheka hadi akakaa chini, kisha akanionyesha ile plastiki nyembamba inayowekwa ndani ya gunia la mbolea. Hiyo kuku hawaigusi. Tuliiosha, tukaikata, tukaishona kwenye matete kwa sindano ya magunia. Uzi tuliuchomoa kwenye magunia makuukuu, nyuzi moja moja, tukaziunga kwa mafundo na kuzizungushia kwenye gunzi la mahindi.

Ugumu wote ulikuwa shingoni. Mbele ya tiara hufungwa nyuzi tatu zinazokutana kwenye fundo moja, na fundo hilo ndilo huamua kila kitu. Likikaa chini sana, tiara inapiga kichwa ardhini. Likikaa juu sana, inalala tu kwenye upepo kama mtu mvivu. Nekesa alilisogeza kidogo, akairusha, akaishusha, akalisogeza tena kwa upana wa ukucha. Nikimuuliza amejuaje, alisema, "Inataka hapa," na nikakasirika kila mara kwa sababu kweli ilikuwa inataka hapo. Mwishoni tulifunga utepe wa kaseti kati ya ncha mbili za juu. Kaseti yenyewe ilikuwa ya nyimbo za dini, radio ya Shosho ilikuwa imeitafuna akaitupa. Utepe huo ndio uliolia vuu.

Siku moja, baada ya shule, tulikuwa shambani kwetu na tiara iko juu, kisulisuli kikaanza upande wa ua. Shosho alikuwa akianua nguo.

"Wambui, ngoma," akaita. "Ngoma cia aka. Geuka, mtoto, funika mdomo."

Nikamtupia Nekesa gunzi, nikageuka, nikafunika mdomo. Nekesa aliivuta tiara chini haraka, lakini hakugeuka. Kilipokwisha kupita nilimkuta amesimama vilevile, macho mekundu kwa vumbi, kichwa amekiinamisha upande mmoja.

"Shosho yako amesema ngoma?"

"Eeh. Ngoma za wanawake," nikamjibu. Nilitafsiri neno kwa neno kama tulivyofundishwa shuleni.

"Ati wanawake wako na ngoma huko ndani? Mbona sisikii?" Akafikiri. "Basi wanacheza. Si ndiyo maana inazunguka."

Kwao, na kwa Kiswahili pia, ngoma ni ya kupigwa, watu wanaizunguka na kuicheza. Kwetu ni mzimu. Ningeweza kumwambia. Nilifungua mdomo nimwambie, nikatazama lile vumbi likienda zake kuelekea vilima, limepinda kiuno na upindo wa chini ukipepea, na kwa mara ya kwanza sikuliogopa. Nikafunga mdomo.

"Ni wanawake gani?" akauliza.

"Wenye walikufa."

"Harafu mama yako si ako huko?" Alisema hivyo kama mtu anayekwambia mama yako ameonekana sokoni.

Usiku ule sikufikiria kitu kingine. Kesho yake tulikuwa na mpango. Watoto wengine wote waliorusha tiara walichunga isichukuliwe na kisulisuli. Sisi tungetengeneza moja kubwa, yenye utepe mpana wa kulia, halafu tuipeleke kwenye kisulisuli kwa makusudi, ili Mama aipate huko anakocheza. Nekesa alisema ngoma bila sauti haina maana, na sisi tungewapelekea sauti. Mimi nilitaka tu ajue kwamba niko, na kwamba nimefika darasa la tano.

Tuliitengeneza ikafika karibu urefu wangu. Kilichobaki ni mkia, na mkia mzuri hutaka kitambaa cha kutosha. Hapo Nekesa, ambaye hakujua kuficha neno, alimwambia Shosho mbele ya chai.

"Shosho, uko na nguo nzee? Tunataka kupereka tiala kwa mama ya Wambui. Kwa ngoma."

Shosho aliweka kikombe chini.

"Hakuna mtu atapeleka kitu kwa hiyo maneno," akasema. "Na hiyo tiara sitaki kuiona ikiruka hapa tena."

Aliichukua mwenyewe, akaipandisha juu ya magunia ya mahindi kwenye stoo, akafunga kwa kufuli. Hakunichapa. Afadhali angenichapa. Kwa siku nyingi baada ya hapo alizungumza nami maneno ya kazi tu, chota maji, leta kuni, na nikaona nimejifungia hata ule mlango mdogo niliokuwa nikiuchungulia. Februari ikaisha. Jioni mawingu yalianza kukaa juu ya Mlima Elgon, na watu wakaanza kuulizana kuhusu mbegu. Nilijua kwamba mvua ikinyesha mara moja tu, vumbi litalala, na hakutakuwa na kisulisuli tena hadi mwaka mwingine. Kwa mtoto mwaka mwingine haupo. Niliangalia yale mawingu kwa chuki ambayo mtoto wa mkulima hapaswi kuwa nayo.

Alasiri moja tulikuwa tumekaa kizingitini tukichagua maharagwe ya mbegu. Shosho akauliza bila kuinua kichwa.

"Huyu mtoto wa Bungoma anasema nini juu ya ngoma?"

Nikamweleza. Nilimwambia kwamba kwao ngoma ni ile ya kupigwa, kwa hiyo Nekesa alidhani ndani ya vumbi kuna wanawake wanacheza, na kwamba alikuwa amelalamika hasikii ngoma zenyewe. Nilieleza kwa sauti ndogo nikingojea kukemewa.

Shosho alianza kutikisika mabega. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi ungo ukainama na maharagwe yakamwagika, akajaribu kuacha, akashindwa, akajifuta macho kwa upindo wa leso. Halafu akaendelea kujifuta hata baada ya kicheko kuisha.

"Alikuwa anapenda kucheza," akasema.

Sikuthubutu kusogea.

"Mama yako. Harusi ya watu, hata hajaalikwa, utamkuta ako katikati. Nikimtuma na maziwa anaenda akicheza njia yote, maziwa inafika nusu. Nilikuwa namchapa kwa hiyo kucheza." Akaokota haragwe moja, akaliangalia, akaliweka. "Nilikuwa namchapa sana."

Niliyameza maneno yale moja moja. Harusi. Maziwa. Nusu. Nilikuwa nimengoja kitu kimoja na sasa vilikuwa vingi, niliogopa kukipoteza hata kimoja kabla sijakipanga. Tena nilielewa, ingawa si kwa maneno niliyonayo leo, kwamba miaka ile yote Shosho alipogeuza mgongo barabarani alikuwa anajua ni nani anayempa mgongo.

Aliinuka akaingia chumbani, nikasikia sanduku la bati likifunguliwa. Alirudi na sweta ya mtoto ya rangi ya samawati, mgongo umekwisha, mkono mmoja umefika kwenye kiwiko, sindano mbili za kufumia bado zimechomekwa pale Mama alipoachia.

"Alikuwa anakufumia hii. Sasa hata kiganja haikutoshi." Akazichomoa zile sindano pole pole, na vitanzi vikaanza kuachia. "Hiyo kitu yenu si inataka mkia?"

Tulifumua pamoja. Uzi ulitoka umejikunja, umezoea umbo la sweta, na Shosho aliukata vipande na kuvifunga kwenye kamba kwa mafundo yake ya kushonea magunia. Alifunga vizuri kuliko sisi. Alisema sharti ni moja tu, na yeye mwenyewe awepo.

Kesho yake jua lilikuwa kali na mawingu yamekaribia. Tulisimama katikati ya shamba lililolimwa, Nekesa na tiara, mimi na gunzi, Shosho nyuma yetu na viatu vyake vya plastiki vimezama kwenye udongo. Visulisuli vidogo vilianza vikafa kabla havijafika. Nekesa alisema vile ni vya wasichana, tungoje wenyewe. Kisha kikatoka kimoja upande wa barabara, kirefu, chekundu, kimebeba mabua makavu, kikaja moja kwa moja kana kwamba kiliitwa.

Nekesa alikimbia, akaiachia. Tiara ikapanda, utepe ukaanza kulia vuu, mkia wa samawati ukanyooka nyuma yake. Nilitazama nyuma mara moja. Shosho alikuwa amekwisha kugeuza mgongo na kufunika mdomo. Mazoea ya miaka mingi hayakumuuliza. Nikaona basi, hata hivyo amekuja.

Kisulisuli kikaishika tiara. Gunzi likaanza kuzunguka mkononi mwangu, uzi ukaniunguza vidole, na ile sauti ya utepe ikabadilika, ikawa nzito, inapanda na kushuka, inapanda na kushuka. Nekesa alianza kupiga makofi kuifuata. Kisha akatingisha mabega kama wanavyocheza kwao, peku, katikati ya vumbi, na wala hakuwa anafanya mzaha.

"Njoki."

Sauti ilitoka nyuma yangu. Haikuwa kelele. Ilikuwa sauti ya kumwita mtu aliye uani aje ale. Niligeuka nikamwona Shosho ameukabili upepo, mkono umeanguka ubavuni, leso imemtoka kichwani na hana habari nayo.

"Njoki," akaita tena, kwa nguvu sasa. "Njoki wakwa."

Njoki wangu. Jina la mama yangu nililijua kwa kuliona nyuma ya picha. Sikuwa nimewahi kulisikia katika sauti ya mtu aliyemzaa. Uzi uliisha, gunzi likaruka kutoka mkononi mwangu likaenda, na tiara ikapanda ikizunguka, mkia wake wa samawati ukizunguka nayo, mpaka ikawa ndogo na sauti ikawa ndogo na vyote vikaenda upande wa Cherangany. Nekesa alikuwa bado anacheza. Nilitazama miguu ya Shosho. Ilikuwa inasogea ndani ya vile viatu vya plastiki, kidogo tu, kushoto na kulia.

Vumbi lilipotulia alitema udongo, akaokota leso yake akaikung'uta. "Twende," akasema. "Niliacha maziwa kwa moto." Mvua ilinyesha wiki hiyo. Na tangu jioni ile, tukichagua mbegu au tukimenya viazi, Shosho aliniambia habari za Mama, kidogo kidogo, bila mimi kuuliza, na kila mara alimwita kwa jina.

Sasa naishi Kitale na nina watoto wangu. Msichana wa pili anaitwa Njoki, kama desturi yetu inavyotaka, na amenirithi ugonjwa wa tiara. Kila Januari tunatoka naye kwenye uwanja ulio nyuma ya nyumba. Siku hizi mtu anaweza kununua tiara za nailoni zilizotengenezwa tayari, nzuri kabisa, na shingo zake zimepimwa kiwandani. Mimi bado nachomoa nyuzi za gunia na kusogeza fundo kwa upana wa ukucha, na Njoki akiniuliza nimejuaje namwambia inataka hapa, naye anakasirika. Nekesa ana duka Bungoma. Hunipigia simu upepo ukianza. "Niaje, Wambui. Tiala iko juu?" Najua pia kisulisuli ni nini. Ni joto la ardhi na hewa inayopanda, na nimelieleza hilo kwa watoto wangu vizuri kuliko mwalimu alivyonieleza mimi.

Lakini hadi leo sijamwambia Nekesa kwamba siku ile alisikia neno vibaya.

Januari ya mwisho ya Shosho nilienda kumwona. Alikuwa amekaa kwenye kiti barazani, mwembamba, blanketi magotini ingawa jua lilikuwa linawaka. Kisulisuli kikaanza katika shamba la jirani kikaja upande wetu, nami, mtu mzima na elimu yangu yote, nikajikuta nimegeuza mgongo na kiganja kiko mdomoni. Shosho alinivuta mkono wa sweta. Hakusema kwa Kikuyu, kwa sababu kwa Kikuyu neno ngoma lisingemruhusu. Alisema kwa Kiswahili, kile alichofundishwa na mtoto wa Misikhu.

"Geuka uone," akasema. "Wanacheza."